Mzigo Nilioshindwa Kuugomboa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa muhuri wa kampuni na kidau cha wino, kisha nikakatazwa kugonga chochote. Aliyenikataza ni Mkuu wa Nyaraka, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeendesha ofisi yetu jirani na bandari ya Dar es Salaam kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alinikalisha pembeni akaniwekea rundo la hati za shehena. Nilisoma tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na kusema kweli sikuelewa kitu.

Hati ya shehena, kwa nyinyi mnaoanza kazi leo na kuiona kwenye kioo cha simu tu, ni karatasi ambayo mwenye meli anakiri kwamba amepokea mzigo katika bandari fulani na ataukabidhi kwa mtu fulani. Ukiwa nayo, mzigo ni wako. Ukiipoteza utasimama getini unalitazama kasha lako kama unavyotazama ng'ombe wa jirani. Wakala wa forodha ndiye anayesimama kati ya mwenye mali na serikali: anaandaa tamko la forodha, anafuata vibali, anasubiri wakaguzi kwenye jua, mpaka mzigo utoke nje. Hiyo ndiyo tunaita kugomboa, na ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mimi nilitoka Ipagala, Dodoma, enzi ambazo Ipagala ilikuwa mashamba ya uwele na malisho ya mbuzi kuliko mtaa wa mji. Bahari nilikuwa sijaiona. Mkuu wa Nyaraka alipogundua hilo alinipeleka dirishani, akanionyesha meli zilizosimama mbali zikingoja nafasi gatini. Aliniambia kila meli pale ina watu wanaoisubiri, wengine mbali sana na maji, na kwamba watu hao watanijia mimi na maswali. Akanipa sheria ambayo sijaiacha mpaka leo.

"Mteja usimpe labda," alisema. "Mpe ndiyo, au mpe hapana. Labda inamtesa mtu kuliko hapana."

Nilipanga chumba Keko na nikajifunza kula peke yangu. Nilimwoa Yudithi nikiwa likizo, binti wa Hombolo, mdogo wa umbo na mkubwa wa kauli. Alikuja Dar es Salaam akakaa msimu mmoja, akasema jiji linamnyima pumzi, akarudi kwenye shamba la zabibu alilorithi kwa mama yake. Tangu hapo ndoa yetu ikawa ya likizo. Tulijaliwa mtoto mmoja, Damari, na tukamlea kwa kugawana kazi: Yudithi alimlea, mimi nilimtumia viatu. Nikilalamika kwa barua kwamba nina upweke, Yudithi alinijibu kwamba nivumilie, nitastaafu siku moja na hapo nitamchoka kwa kumwona.

Vita ya kwanza niliyokutana nayo kikazi ilipiganwa Ghuba, kule Uarabuni, nikiwa bado karani. Asubuhi tuliingia ofisini tukakuta teleksi imetapika karatasi mpaka sakafuni. Meli moja imegeuza njia, nyingine imekataa kuingia bandari iliyopangiwa, na zote zimeongeza tozo ya hatari ya vita. Mkuu wa Nyaraka alitueleza kwa kuchora juu ya meza kwa kidole. Meli hukatiwa bima, na wenye bima wana ramani yao. Eneo la bahari likiwa na mapigano, wanalizungushia duara, na kila meli inayotaka kupita ndani ya duara lazima iongeze malipo. Mwenye meli hatoi mfukoni mwake, anamsukumia mwenye mzigo. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akiagiza vitambaa alikuja akagonga meza yetu, akauliza kwa nini alipishwe vita ya watu asiowajua. Tulimpa hesabu yake akaondoka akinung'unika, na mimi nikaona nimeifahamu vita.

Nikahamishiwa uwanja wa ndege. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Mizigo ya Ndege, mama wa Kitanga aliyevaa viatu vya raba na kutembea ghalani haraka kuliko vijana. Mizigo ya ndege ina hati yake na ina haraka yake. Husafirishwa na ndege za mizigo peke yake, lakini mingi husafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye tumbo la ndege ya kawaida, ndiyo maana ndege ya abiria ikifutwa hata dawa za watu zinakwama. Yule mama alitufundisha mpangilio wa nani hutangulia nafasi ikiwa ndogo: vifaranga na wanyama hai, dawa zinazotunzwa kwenye baridi, samaki na maua, na majeneza.

Jeneza kwenye hati ni mzigo. Lina uzito, lina vipimo, lina jina la anayepeleka na jina la anayepokea. Husafirishwa likiwa limezibwa kwa bati ndani na kufungiwa ndani ya kasha la mbao. Makarani tulikuwa tunayahesabu pamoja na mizigo mingine bila kufikiri. Yule mama hakupenda hivyo. Jeneza likiingia ghalani alitaka kila mtu asimame aache anachofanya, hata kama mteja analalamika. Halafu alitukataza kabisa kumwambia mfiwa aanze safari ya kuja uwanjani kabla ndege haijatua na tumbo lake kufunguliwa. Alisema amewahi kuona ukoo mzima umekaa juu ya mikeka kwenye maegesho kwa sababu karani aliona jina kwenye orodha akafurahi.

Nilipanda cheo polepole, kama wapandavyo watu wasiojua kupiga makofi kwenye vikao. Serikali ilipohamia Dodoma, wateja wetu wengi walihamia nayo, na kampuni ikataka kufungua tawi. Wenzangu wa pwani walikwepa, wakidai vumbi litawaua. Mimi nikaomba kabla sijaulizwa. Nikawa Msimamizi wa Tawi lenye chumba kimoja Majengo, juu ya ghala la mtama, na wasaidizi wawili waliopiga chafya mchana kutwa. Yudithi alikuwa Hombolo na mimi mjini, na mwisho wa juma tulikutana kama watu waliooana. Ile ilikuwa miaka yangu mizuri kuliko yote.

Nikiwa hapo ndipo Bahari ya Shamu ikaharibika. Meli zinazotoka Ulaya kuja kwetu hupita Mfereji wa Suez, zikishuka bahari hiyo na kutokea Ghuba ya Aden. Zilipoanza kushambuliwa kwa makombora, kampuni nyingi za meli ziliamua kuizunguka Afrika nzima, kupitia Rasi ya Tumaini Jema kule kusini kabisa. Safari inarefuka kwa majuma. Tena meli haikuletei kasha lako moja kwa moja, inaliacha bandari kubwa ya njiani ili meli nyingine ndogo ilichukue, na huko makasha yalikuwa yamepandana mpaka hayaonekani mwisho wake. Wakulima wa zabibu wa Hombolo, Yudithi akiwemo, walikuwa wamejiunga wakaagiza matangi ya chuma cha pua ya kusindikia mvinyo. Zabibu zikaiva, matangi yakiwa yanaelea upande wa pili wa bara. Nilimpigia Meneja Mkuu Dar es Salaam, akanishauri niwaombe wateja wawe na subira. Nilimjibu kwamba wateja watakuwa nayo, ila zabibu hazijahudhuria semina hiyo.

Waliziuza kwa wachuuzi wa juisi na nyingine wakawamwagia ng'ombe. Yudithi hakunilaumu mimi. Alisema tu kwamba maisha yake yote amegombania mume na meli, na safari hii meli zimemfuata mpaka shambani. Tulicheka sana siku ile. Matangi yalifika baadaye, na nilistaafu mara baada ya kuyagomboa. Nilikabidhi ufunguo wa ofisi, nikapewa saa ya ukutani, nikahamia kwenye nyumba yetu ya Ipagala. Yudithi akaja na kuku wake. Damari alikuwa ameolewa na mwalimu, wanaishi Hombolo karibu na chuo, shamba akaliangalia yeye.

Mwaka haukuisha. Yudithi alianza kuvimba miguu na kusimama katikati ya uwanja akishika kifua. Madaktari walikuta valvu ya moyo imechoka, wakashauri apelekwe India kwa upasuaji. Mimi sikuweza kumsindikiza, shinikizo langu la damu lilikuwa juu na daktari alinikatalia. Akaenda Damari. Alikuwa na mimba changa wakati huo, na wote tulidhani watarudi haijaanza kuonekana. Upasuaji ukaahirishwa, kisha ukafanyika, kisha maambukizi yakaingia. Damari alinipigia asubuhi nikiwa nawamwagia kuku pumba. Alisema, "Baba, mama ametuacha," nami nikaendelea kumwaga pumba mpaka bakuli likaisha.

Msiba uliwekwa Ipagala. Kwetu mtu akifa, majirani hawasubiri kuitwa. Turubai lilisimamishwa, viti na masufuria vikaja, wanawake wakatandika mikeka sebuleni na kulala hapo, kwa sababu matanga hayaanuliwi mpaka mtu azikwe. Aliyeshika usukani ni shemeji yangu Yona, kaka yake Yudithi, mtu mwema mwenye haraka. Mimi nilishika kile ninachokijua. Kijana niliyemfundisha kazi uwanja wa ndege sasa ni Msimamizi wa Mizigo yeye mwenyewe, na ndiye niliyempigia. Akanitafutia njia: jeneza litoke India, lishuke Ghuba, libadilishe ndege, lije Dar es Salaam. Ndege zetu nyingi za kutoka kule hupita hivyo. Ghuba ni kama stendi kuu, kila basi linashusha watu hapo na kupakia wengine. Alinitumia ujumbe kwamba nafasi imethibitishwa.

Nafasi kuthibitishwa maana yake ni kwamba shirika la ndege limekubali kubeba. Haina maana kwamba limebeba. Jambo hilo nalijua mimi na walijua wenzangu wa kazi, lakini ujumbe ule nilimsomea Yona kabla sijaenda Majengo kutafuta gari la kumpokelea marehemu, naye akawatangazia wazee chini ya turubai. Kwa desturi yetu, marehemu akishaanza safari ya kuja nyumbani vijana wanashika majembe na sururu, maana ardhi ya Dodoma ni ngumu na haichimbwi kwa dakika mbili. Niliporudi kutoka Majengo nilikuta wanatoka makaburini wamejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Walikuwa wamechimba vizuri, kuta zimenyooka.

Alasiri ile ile redio ikatangaza kwamba makombora yanaruka na anga ya Ghuba imefungwa.

Nadhani nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote pale. Watu waliendelea kunywa chai. Anga ikifungwa, ndege zilizo ardhini hazipai, zilizo hewani zinatafuta pa kutua, na kila kiwanja cha jirani kinafurika ndege za watu. Mizigo inarundikwa. Tena safari hii kulikuwa na jambo jingine: wafanyabiashara waliokimbia bahari kwa sababu ya mashambulizi walikuwa wamehamishia bidhaa zao angani, kwa hiyo hata ndege za njia nyingine, za kupitia nchi jirani na sisi, zilikuwa zimeshajaa. Yule kijana wangu Msimamizi alipiga simu kila mahali. Kila mahali palikuwa na foleni, na ndani ya foleni hizo kulikuwa na majeneza mengine.

Kaburi likichimbwa kwetu halilali wazi. Wazee wanaamini kaburi lililo wazi linaita, na hakuna mwenye hamu ya kujua linamwita nani. Vijana wakalifunika kwa mabati na kuyakandamiza kwa mawe na matawi ya miiba, ili mbuzi wasitumbukie. Yona alikasirika, kwanza kwa redio, kisha kwangu. Aliniuliza kazi gani niliifanya miaka yote ile kama siwezi kumleta dada yake mmoja. Nilikuwa najiuliza swali hilo hilo.

Siku zikapita na turubai likaanza kupungua watu. Mvua za kwanza zilinyesha, na mvua ya Dodoma haikungojei umalize kulia, usipopanda inaondoka. Watu walikuja kuniaga mmoja mmoja kwa aibu, wakisema watarudi siku ya maziko. Viti vikarudishwa, kisha turubai lenyewe, maana kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Wanawake wakakunja mikeka. Alibaki shangazi yake Yudithi, bibi kikongwe kutoka Hombolo, aliyekuwa akinisalimia "Mbukwa" kila asubuhi kwa sauti ya chini, halafu hatusemi tena mpaka uji. Mchana nilikwenda makaburini kukaa karibu na yale mabati. Upepo ukivuma yalikuwa yanapiga kelele, nami nasogeza jiwe. Upweke wa Keko ulikuwa na mtu wa kumwandikia. Huu haukuwa na anwani.

Damari naye alikuwa peke yake, kwenye chumba cha kupanga mkabala na hospitali, kila siku anakwenda kuuliza mochwari kama mama yake bado yupo. Tumbo lilikuwa limekua. Mashirika ya ndege yana kanuni ya wajawazito: mimba ikifika kiasi fulani wanataka barua ya daktari, na ikizidi hapo hawakuchukui hata ukilia. Daktari wa kule alikuwa amemwambia kwamba barua atakayomwandikia ni ya mwisho. Mumewe alinipigia kutoka Hombolo. Hakuniambia nifanye nini. Alisema tu, "Baba, mimi ninakusikiliza wewe," na hiyo ilikuwa nzito kuliko lawama.

Ndipo yule kijana Msimamizi akapiga simu. Kuna ndege inaletwa kuwachukua abiria waliokwama, itapita njia ndefu ya kuikwepa Ghuba. Kiti cha Damari kipo. Nikamuuliza jeneza. Akaniambia ndege ni ndogo, mlango wa tumbo lake haupitishi kasha la mbao la namna ile, na mizigo yote imezuiwa ili ibebe mafuta ya kutosha. Nikamuuliza kama baadaye itakuja ndege kubwa. Akasema labda.

"Ndiyo au hapana?" nikamuuliza.

"Hapana, mzee," akasema. "Samahani. Hapana."

Nilikaa barazani nikiwa nimeshika simu. Ningeweza kumsubiri Yudithi. Mochwari wangemtunza hata miezi, na hatimaye anga ingefunguka, kwa sababu anga hufunguka. Lakini Damari asingemwacha mama yake huko. Angekaa naye, angejifungua kwenye chumba cha kupanga katika nchi ambako hajui hata neno la kuomba maji, akiwa na kibali cha kukaa kilichoisha. Mwenye kuamua nilikuwa mimi, na Yudithi, ambaye ndiye ningemuuliza jambo kama hilo, ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Nikampigia binti yangu.

"Damari, kuna ndege ya abiria keshokutwa. Wewe una kiti."

"Na mama?"

"Mama hana nafasi."

"Basi tutasubiri nyingine."

"Nyingine hutaruhusiwa kuipanda. Mzikeni huko huko kesho, halafu upande ndege."

Nilisikia honi za barabara ya kule, nyingi, kama za harusi.

"Labda wiki ijayo wataleta kubwa," akasema.

"Hapana."

"Baba, unaniongelesha kama mteja."

Sikuwa na sauti nyingine ya kusemea maneno yale. Ile ya baba isingefika mwisho wa sentensi. Nilimtajia saa ya ndege, nikamwambia abebe barua ya daktari kwenye mkoba wa mkononi, nikakata.

Yona alipopata habari alikuja hadi mlangoni hakuingia. Alisema nimemtupa dada yake kwa watu. Alisema ukoo ungeweza kusubiri hata mwaka. Nilimwambia ni kweli, ukoo ungeweza. Akaondoka bila kuaga, na shangazi akajifunika kanga uso mzima.

Yudithi alizikwa kwenye makaburi ya Wakristo ya mji ule. Walikuwepo mchungaji wa hospitali, wauguzi wawili na Mtanzania mmoja aliyekuwa anamuuguza mkewe. Damari alitupa udongo kwa niaba yetu sote. Hayo aliyasimulia kwa Yona, mimi nimeyapata kwa Yona.

Nilikwenda kumpokea Dar es Salaam. Maisha yangu yote nimeingia uwanja ule kwa upande wa mizigo. Siku hiyo nilisimama upande wa abiria, nikawa sijui pa kusimama. Alitoka akisukuma sanduku la mama yake, tumbo mbele, uso umekauka. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kwenye treni ya umeme alikaa dirishani, akatazama nje mpaka Dodoma. Nilinunua maji, akayapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema asante.

Kaburi lilibaki. Wazee walisema halifukiwi tupu, lazima lipewe kitu cha mwenyewe. Damari alifungua lile sanduku mbele ya wanawake akachagua: gauni la kanisani, viatu vya mpira vya shambani ambavyo Yudithi aliving'ang'ania kwenda navyo mpaka India, akaongeza mkasi wa kupogolea mizabibu uliokuwa kwa shangazi. Mchungaji wetu alinivuta pembeni akaniuliza asome ibada ipi, kwa sababu kitabu chake hakina ya nguo. Nilimwambia asome ya mtu. Yona akashuka mwenyewe kaburini akaviweka chini taratibu, viatu vikiwa vimepangwa sawa, na alipopanda alinipa mkono nimvute. Nilimvuta. Hajaniomba radhi nami sijamdai.

Mnaniomba niwaambie nyinyi vijana kazi ilikuwaje, nami nimewaambia. Sasa mna ramani kwenye simu, mnaiona meli inavyogeuka kukwepa vita kama mdudu anayezunguka bakuli, na mnajua kuchelewa kwake kabla mwenye mali hajauliza. Ni vizuri. Mimi nilieleza vita kwa watu miaka mingi, nikaieleza kwa tozo, kwa bima, kwa njia ndefu na njia fupi, na kila nilichoeleza kilikuwa kweli. Nilidhani nimeifahamu. Siku hizi nikisikia redioni kwamba anga mahali fulani imefungwa, naizima, natoka nje kuwaangalia kuku wa Yudithi. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja na saa ya ukutani. Ningeulizwa leo, ningempandisha Damari ndege ile ile, na ningebaki na huzuni hii hii. Sina jibu jingine.

Alijifungua salama, Hombolo, mtoto wa kiume mwenye sauti. Damari hajagombana nami. Ananisalimia, ananiuliza dawa zangu, ananiletea zabibu. Ila kila anapokuja Ipagala hafiki nyumbani kwanza. Ananipigia simu nimkute njia panda ya makaburini, na tukikutana hapo ananikabidhi mtoto, anaingia peke yake mpaka kwenye lile kaburi lenye gauni na viatu. Sijawahi kumfuata. Nampokea mjukuu wangu, namkinga jua kwa kofia, nasimama naye barabarani mpaka mama yake atoke.